Jinsi ya Kutunza Majengo kwa Gharama Ndogo

Bwana Mhariri aliponiomba niandike habari kwa ajili ya kurasa zetu za Kiswahili, nilidhani anataka habari za mpira, au za mitihani. La, akasema, "Andika juu ya ile kazi yako ya ngazi." Wenzangu wote hapa Kabeza wananijua kwa ngazi hiyo. Tangu mwaka jana mimi ni kiranja wa majengo, na kila Jumamosi asubuhi naonekana juu ya paa hili au lile, nikizoa majani. Basi ndugu wasomaji, nanyi mliotutangulia katika shule hii ambao sasa mna nyumba zenu wenyewe, naomba mnivumilie nikieleza kazi hii ilivyo na faida yake.

Kwanza sina budi kuungama jambo. Nilipokuwa kidato cha pili, Jumapili moja mpira ulipaa ukatua juu ya paa la maktaba. Nikasimama juu ya pipa, nikashika ukingo, nikapanda. Sikujua ya kuwa mtu akipanda juu ya mabati hukanyaga penye misumari tu, maana hapo chini pana mti. Mimi nikatembea katikati, bati likabonyea, nikasikia msumari ukilia. Nikautupa mpira chini, wenzangu wakanishangilia kama shujaa, nami sikumwambia mtu neno.

Mvua za itumba zilipokuja mwezi wa Machi, maji yakapata njia. Hayakumwagika, yalidondoka kidogo kidogo, yakanywewa na mbao za kenchi, kisha na dari. Likatokea doa la rangi ya chai. Tulilitazama kila tulipokwenda kusoma, tukalipa jina: tuliliita Ziwa Kivu, kwa kuwa lilifanana nalo kwenye ramani. Mwaka wa pili yake ziwa lilikuwa na visiwa. Tulicheka. Nilipofika kidato cha nne, usiku mmoja wa Aprili, mvua ikinyesha sana, dari ile iliporomoka juu ya makabati mawili ya vitabu. Kwa neema ya Mungu hapakuwa na mtu ndani.

Gharama ya kutengeneza paa, kenchi, dari na kununua vitabu vingine haikuwamo katika hesabu za mwaka. Padri mtunza fedha alizitoa mahali palipokuwa na fedha, yaani katika fungu la kuwasaidia wanafunzi walioshindwa kulipa karo. Kijana mmoja wa darasa letu, aliyekaa dawati la mbele yangu, alibaki nyumbani mwaka huo. Amerudi, lakini sasa yuko nyuma yetu kwa darasa moja, na kila nikikutana naye penye bomba naona haya. Msumari ule ungaligongwa upya kwa dakika tano.

Nilikwenda kwa Padri nikamwambia, "Padri, ni mimi niliyelikanyaga bati lile." Alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Unaogopa kupanda juu?" Nikajibu ya kuwa siogopi. Akaniambia, "Vyema. Basi kesho utakwenda kwa fundi akupe ngazi."

Fundi wetu ni mzee wa makamo ya babu yangu. (Neno lenyewe fundi limeingia hata katika Kinyarwanda chetu, watu husema umufundi.) Jambo la kwanza alilonifundisha ni kwamba jengo lina adui mmoja mkubwa kuliko wote, nalo ni maji yaliyo mahali pasipo pake. Mchwa hupenda mti uliolowa. Kutu hula bati lenye unyevu. Rangi hubambuka penye ukuta uliokunywa maji, na plasta huanguka nyuma yake. Ukiyafukuza maji, umefukuza nusu ya maadui. "Kwa hiyo kijana wangu," alisema, "mvua ikianza wewe usikimbilie ndani. Chukua koti utoke nje, ukaone maji yanakwenda wapi." Nimefanya hivyo, na kwa kweli dakika kumi za kutembea mvuani zimenifunza mengi kuliko wiki nzima ya jua. Unaona mfereji wa paa unaofurika, unaona maji yanayorukia ukuta, unaona udongo uliorundikwa na watu wa bustani hata ukaegemea matofali.

Hapa kwetu Kigali kalenda ya kazi hii imekwisha kuandikwa na majira yenyewe. Mvua kubwa za itumba hunyesha kuanzia Machi hata Mei. Kiangazi kikuu ni Juni, Julai na Agosti. Umuhindo huanza Septemba. Basi mifereji husafishwa Februari na Agosti, kabla ya mvua, siyo wakati mvua imeanza na kila mtu anamtafuta fundi. Kutia rangi, kukarabati paa na kuchimba mitaro ni kazi za kiangazi. Mikaratusi na migrevilea iliyo kando ya mabweni hupukutisha majani siku zote, na majani yakikaa katika mfereji huoza, yakashika unyevu, mfereji ukaoza nayo. Ndani ya mfereji mmoja tulikuta mti mdogo umekwisha ota, na viatu viwili vya mguu wa kushoto. Mwenyewe hakujitokeza.

Wapo watakaosema haya ni mambo madogo, hayafai kuandikwa na mwanafunzi wa kidato cha sita. Nawaomba watazame Unguja. Jumba la Maajabu, ambalo Waarabu huliita Beit al-Ajaib, lilijengwa mwaka 1883 na Sultani Barghash bin Said, likawa jengo la kwanza huko kuwa na taa za umeme. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Waingereza ziliyapiga majumba ya Sultani kwa mizinga kwa muda usiotimia saa moja. Majumba ya jirani yaliharibika vibaya, lakini hili likabaki limesimama. Likakaa hivyo zaidi ya miaka mia moja na ishirini. Halafu tarehe 25 Desemba 2020, siku ya Noeli, sehemu kubwa ya mbele ikaporomoka, nao mafundi wakiwa kazini kulitengeneza. Watu wawili walifariki.

Jengo lililostahimili mizinga laangukaje siku isiyo na vita? Nyumba za zamani za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na sakafu zake nyingi zimelala juu ya boriti za mikoko. Kuta za namna hii hudumu sana zikiwa kavu. Paa likivuja na kuachwa, maji hupita ndani ya ukuta, chokaa hulegea, ncha za boriti zilizomo ukutani huoza, na chuma hushika kutu kikavimba na kupasua mawe. Kwa nje ukuta waweza kuonekana mzima bado. Jumba lile lilikuwa na nyufa na lilikwisha kufungwa kwa wageni miaka kadhaa kabla, maana sehemu zake zilianza kuanguka. Wakubwa walijua, na fedha za kulitengeneza zilikuwa zimepatikana. Zilikuja baada ya maji.

Sasa nieleze namna tunavyofanya kazi, maana bidii peke yake haitoshi. Mimi mwenyewe mwanzoni nilikuwa nakimbilia kila kitu nisimalize chochote. Tuna daftari moja kubwa. Kila jengo lina kurasa zake: limejengwa lini kama yajulikana, paa ni la nini, limetiwa rangi mwaka gani, makufuli ni ya aina gani, nini kilivunjika na kilitengenezwa kwa bei gani. Mwanafunzi akiona bawaba imelegea au bomba linadondoka, huandika pale na kutia tarehe. Kabla ya daftari, kila mtu alidhani mwenzake amekwisha kusema. Baada ya miezi sita tuliona jambo la ajabu: kitasa cha mlango wa bwalo kilikuwa kimenunuliwa upya mara nne. Vitasa havikuwa na kosa. Mlango ulikuwa umeshuka kwa sababu bawaba ya juu imelegea, kwa hiyo kila mtu aliuinua na kuusukuma kwa kitasa. Skurubu tatu ndefu zikamaliza shauri.

Jambo la pili ni kupima. Katika habari ya maji, mita ni rafiki asiyesema uongo. Usiku mmoja, saa nne, baada ya wote kulala, tulifunga mabomba yote, mimi na fundi tukasoma mita kwa tochi na kuandika. Saa kumi na moja alfajiri, kabla ya kengele, tukasoma tena. Ilikuwa imesogea mita za ujazo 2, yaani lita 2,000, jerikani 100 za lita ishirini, na hakuna aliyeoga wala kunywa. Kwa mwendo huo ni karibu lita 7,000 kwa mchana na usiku. Tukafuata bomba toka mita, tukifunga koki moja baada ya nyingine hata tukajua ni upande wa jikoni. Lilikuwa limepasuka chini ya njia apitapo dereva wa lori la kuni. Juu yake majani yalikuwa mabichi kabisa katikati ya Julai, nasi sote tulikuwa tukipita tukisema, ajabu majani haya! Mtu yeyote mwenye nyumba aweza kufanya jaribio hili, halina gharama ila usingizi.

Kadhalika vyoo. Tangi la choo huweza kuvuja ndani kwa ndani bila sauti. Tia wino kidogo wa buluu ndani ya tangi, usivute maji, ngoja robo saa. Ukiuona wino bakulini chini, mpira wa ndani umekwisha. Bomba linalodondoka nalo usilidharau. Moja la bweni letu lilijaza jerikani ya lita 20 kwa saa nane. Hiyo ni lita 60 kwa siku, na kwa mwaka lita 21,900. Ugonjwa wake ulikuwa kile kipande kidogo cha mpira kiitwacho washa, na wenyeji wa Kabeza waliowahi kupanga jerikani za manjano katika kiangazi watanielewa nikisema iliniuma.

Juu ya maji ya mvua watu wengi husema maneno makubwa, kwa hiyo na tufanye hesabu. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la bweni lina urefu wa mita 30 na upana wa mita 8, basi ni mita za mraba 240. Kigali hupata kiasi cha milimita 1,000 za mvua kwa mwaka. Hiyo ni lita 240,000 juu ya bweni moja! Tukiondoa sehemu ya tano kwa yale yanayorukia nje na yanayokauka, zabaki lita 192,000. Hapo ndipo mtu huota ndoto ya kutolipa maji tena. Lakini tangi letu ni la lita 10,000. Hujaa mapema katika itumba, kisha mvua nyingine yote hupita ikaenda bondeni; na kiangazi cha siku 90 kikifika, tangi lililojaa latoa lita 111 tu kwa siku. Hizo zatosha kupiga deki na kuosha masufuria, hazitoshi kuogesha bweni. Kwa hiyo faida ya tangi ni kuyatumia maji yake wakati wa mvua kwa kufua na kusafisha, lijae tena na tena, siyo kuyabania kama hazina. Nasi tulikosa hapo mwaka wa kwanza: tulilifunga kwa kufuli mpaka Juni. Tena maji ya kwanza ya kila mvua iliyokuja baada ya ukavu yaachwe yamwagike, maana yanaosha vumbi na mavi ya ndege.

Umeme nitaupitia upesi. Taa ya zamani ya wati 60 yaweza kubadilishwa na taa ya LED ya wati 9 kwa mwanga ule ule. Taa 40 za wati 60 zikiwaka saa 5 kila jioni zinakula yuniti 12. Zile za wati 9 hula yuniti 1.8. Mwenye Cash Power nyumbani kwake aweza kuzidisha mwenyewe kwa bei anayolipa. Lakini kabla ya kununua taa, futa zile ulizo nazo na upake dari rangi nyeupe. Katika darasa la kidato cha kwanza tulipofanya hivyo wanafunzi walidhani tumeongeza taa.

Jikoni ndiko nilikojifunza kutoharakisha. Kwetu Rwanda jiko la kuokoa kuni huitwa rondereza, kwa maana ya kutumia kwa uangalifu. Jiko hili hufunga moto pande zote ili joto liende katika sufuria, lisipotee hewani kama penye mafiga matatu. Letu tulikuwa nalo, na bado kuni zilikwisha upesi. Wapishi walilaumiwa bure. Kosa lilikuwa letu: kuni zilishushwa nje, zikanyeshewa, na ukuni uliolowa hutumia joto lake mwenyewe kwanza kuyachemsha maji yaliyomo ndani yake. Tukajenga banda la mabati yaliyotolewa kwenye paa la maktaba, tukakausha kuni tangu Juni. Mama mpishi mkuu aliniita akaniambia, "Mwanangu, leo nimepika bila kulia." Moshi ulikuwa umepungua hata macho yake yakapona. Hilo halikuwa katika hesabu yetu.

Sasa nakuja kwenye neno ambalo tunabishana sana, yaani rahisi na ghali. Ukienda dukani kununua mabati utaulizwa geji. Namba ikiwa kubwa bati ni jembamba: geji 32 ni nyembamba kuliko 30, na 30 kuliko 28. Jembamba lina bei nafuu, tena machoni yote yanang'aa sawa. Tuseme, kwa mfano tu, jembamba lagharimu sehemu 3 nalo ladumu miaka 10, na nene lagharimu sehemu 5 likadumu miaka 25. La kwanza limekula 0.3 kila mwaka, la pili 0.2. Na zaidi ya hayo, katika miaka ile 25 utamlipa fundi kuezeka mara tatu badala ya moja. Hata hivyo sitaki mtu aseme ya kuwa daima kitu ghali ndicho bora. Banda la kuni tuliliezeka kwa mabati ya kale yenye viraka, na latosha. Ni lazima kwanza kuuliza jengo litakaa muda gani na lina nini ndani yake. Juu ya vitabu sitaweka bati la geji 32.

Neno moja la hadhari. Wanafunzi wa zamani watakumbuka yale mapaa ya kijivu ya asbesto yaliyokuwa katika shule na hospitali nyingi. Siku hizi yajulikana wazi ya kuwa vumbi lake huharibu mapafu na kuleta saratani baada ya miaka mingi, na serikali ya Rwanda imekuwa ikiyaondoa nchini kwa mpango maalumu. Kama nyumbani kwenu lipo bado, usilikate, usilisugue, usilivunje, wala usilitoboe kwa kuwa unataka kuokoa fedha. Kazi hiyo ni ya wenye nguo na mafunzo yake, nanyi kaeni mbali. Kila uokoaji una mpaka wake.

Tangu mwaka jana, katika paa zote za shule tumekuta misumari iliyolegea 61. Fundi huiingiza mipya yenye mpira chini ya kichwa, tena juu ya mgongo wa bati, siyo bondeni ambako maji hupita. Matundu ya zamani huyaziba. Mwezi wa Machi uliopita nilikaa maktabani usiku mmoja wa mvua kubwa, taa zimezimwa, nikisikiliza. Nilisikia mvua juu ya bati, na ndege moja ikitua Kanombe. Ndani hapakudondoka kitu. Padri mtunza fedha ameniambia ya kuwa fungu la wanafunzi halikuguswa mwaka huu.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu ni umuganda, na kazi za mtaa zikimalizika tutasafisha mifereji ya mabweni yote mawili. Ngazi ya pili imekwisha nunuliwa. Wanaotaka kuja wavae viatu vya mpira, waje kwa mzee fundi saa tano, na wakumbuke kukanyaga penye misumari. Mpira ukipanda juu ya paa, niiteni mimi.